Kumkimbia Baba Mkwe Melini

Mwaka ule mume wangu alipopata likizo, alirudi nyumbani Iyunga na mfuko wa turubai begani na wazimu kichwani. Ndani ya mfuko mlikuwa na miwani mikubwa ya kioo na mpira, pamoja na bomba lililopinda kama mdomo wa birika. Yeye alikuwa fundi kwenye karakana ya magari, na bosi wake mzungu, aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, alikuwa amegawa vitu vyake vya nyumbani. Wenzake walipata sufuria, blanketi, viti. Mume wangu alipata miwani ya kuzamia.

"Na redio ilikwenda kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwa mlinzi."

"Na wewe ulikuwa wapi redio inatolewa?"

Akacheka. Huyu bwana ukimtukana anacheka, ukimsifu anacheka, na mimi nimezaliwa Mlandege kule Iringa, hasira zangu ziko mlangoni, hazingoji kupigiwa hodi. Ndiyo maana tumedumu.

Wazimu wenyewe ulikuwa huu. Yule mzungu alimwambia kwamba kwao mtu na mkewe wakipata likizo hupanda meli, na si kwamba wanakwenda mahali. Wanapanda tu. Meli inasimama bandari hii, wanashuka, wanaogelea na kutazama samaki, wanapanda tena, inasimama bandari ile. Mwisho wanarudi walikotoka.

"Bila msiba?" nikauliza.

"Bila msiba."

"Bila harusi wala mgonjwa?"

"Bila chochote, mke wangu. Kustarehe tu. Na sisi ziwa tunalo, meli tunayo, na miwani ndiyo hii."

Jioni ile akaijaribu kwenye pipa la maji ya mvua nyuma ya nyumba. Akazamisha kichwa chote, bomba likabaki juu linakoroma. Jirani aliyekuja kuomba chumvi akapiga yowe mtaa mzima ukasikia. Alidhani tumegombana nami nimemtosa mume wangu ndani ya pipa. Ikabidi nimtoe bwana kwa kumvuta ukosi ili jirani aone kwamba mtu yuko hai. Kuanzia hapo kila aliyesikia kuwa tunasafiri kwa meli alikuja na uso wa huzuni kutuuliza nani kafa.

Nilikubali haraka kuliko alivyotegemea, lakini nilikuwa na sharti moja. Meli ya Ziwa Nyasa inaondokea Itungi, na Itungi iko Kyela, na Kyela ndiko kwao. Nikamwambia, "Tutapita Kyela kama upepo. Kwa baba yako siingii."

Hapo lazima nieleze, maana mtu asiyejua ataniona mkorofi.

Kwao Unyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si kwa ugomvi, ni kwa heshima. Wakikutana njiani, mwanamke anatoka kando, anachuchumaa, anajifunika kichwa kwa khanga na kugeuza mgongo mpaka mzee apite. Mzee naye akikaribia nyumba anakohoa kwa mbali ili mkamwana apate nafasi ya kujificha. Hawasalimiani, hawapeani mikono, hawali pamoja. Kwetu Iringa nilikuwa sijaona heshima ya namna hiyo, lakini mara ya kwanza nilipopelekwa ukweni, mawifi zangu walinifundisha siku nzima: chuchumaa hivi, funika hivi, pita mlango wa nyuma. Nikafanya mazoezi kama askari mpya.

Jioni mzee akaja. Nikachuchumaa, nikajifunika, nikageuka. Nikasikia viatu vinakuja, vinakuja, mpaka vikasimama mbele yangu. "Inuka, mgeni," akasema kwa Kiswahili safi. "Mgeni wetu hachuchumai. Habari za Iringa?" Na mkono huo, ameunyoosha.

Nami mjinga nikainuka, nikaupokea mkono kwa mikono miwili, nikapiga goti. "Shikamoo, baba! Iringa wazima wote!" Nikamweleza na habari za mvua. Moyoni nasema, kumbe mzee mstaarabu hivi, mawifi walikuwa wananitisha bure. Nikamsifia hata migomba yake. Sikuona kwamba uani watu wote wameinamisha vichwa na wifi yangu mkubwa anatazama majivu.

Ndani ya basi tukirudi ndipo mume wangu akanieleza, taratibu, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba. Mzee alikuwa amemtafutia mchumba wa palepale Kyela. Mwanawe akaenda kumuoa mtu wa Iringa, tena bomani, kwa karatasi. Mzee hakufoka hata kidogo. Alisema tu kwamba mwanawe hajaoa, amepata mgeni. Na mgeni husalimiwa, hupewa mkono, hukaribishwa kiti. Ule mkono niliouchangamkia mbele ya ukoo mzima ulikuwa unanitoa nje ya mlango.

Nililia kuanzia Tukuyu mpaka Mbeya. Kisha nikakasirika, na hasira ile nikakaa nayo miaka mitatu. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu na jembe sijapewa. Kila tulipokutana na mzee, kwenye msiba, kwenye ubarikio, alinifuata nilipojificha, mkono mbele: "Mgeni wetu hujambo?" Nilitaka kitu kimoja tu duniani, mzee yule anione na akimbie.

Basi tukapanda meli. Tulishuka kutoka kwenye baridi ya milimani tukiwa na masweta, tukafika Itungi masweta yako mkononi na jasho linatutiririka. Tukapata nafasi nzuri sitahani, kwenye benchi la kivuli. Nikavua kandambili, nikanyoosha miguu, ziwa limetulia, milima ya upande wa pili imesimama majini moja kwa moja kama ukuta. Nikamwambia mume wangu, "Kumbe wazungu nao wana akili."

Sijamaliza sentensi nikaona kofia.

Kofia ya kahawia, ukingo mmoja umeliwa na panya, inapanda ngazi ya meli. Chini ya kofia, koti. Nyuma ya koti, mchukuzi na gunia la mchele, na jogoo kwenye kikapu. Baba mkwe alikuwa anakwenda Liuli kumtembelea binti yake aliyeolewa huko, na safari ya kwenda Liuli haina njia nyingine.

"Mungu wangu," mume wangu akasema. Kwa mara ya kwanza hakucheka.

Mzee akatuona. Uso ukamng'aa, akapasua katikati ya watu moja kwa moja kuja kwetu. Meli ile nusu yake walikuwa watu wa Kyela, kila mmoja anamjua. "Mgeni wetu!" akasema, mkono mbele. "Umetutembelea!"

Sijui nini kilinipata. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimekuja kustarehe na starehe yenyewe ilikuwa imedumu muda wa kuvua kandambili. Nikajitupia khanga kichwani, nikageuka, nikatimka. Nilipita chini ya kamba za nguo za mtu, nikaruka mzigo wa nyavu, nikaenda kuchuchumaa nyuma ya vyungu vya mama mmoja mfinyanzi wa Kikisi aliyekuwa anavipeleka kuuza Liuli. Vyungu vilikuwa vimepangwa juu kama ukuta. Nikakaa pale nahema.

"Dada, umeiba?" mama yule akaniuliza.

Nikamsimulia yote, maana mtu ukimwingilia kwenye vyungu vyake huna budi kujieleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akatema maganda ya muwa. "Sikiliza," akasema. "Yeye kukataa kukukimbia ni shauri lake. Wewe mkimbie. Mkimbie mpaka achoke. Hakuna sheria inayomzuia mkamwana kukimbia."

Nikaona hilo ni neno.

Ndivyo likizo yetu ya mabwana wakubwa ilivyoanza. Mzee akija mbele ya meli, mimi nyuma. Akipanda sitahani, mimi nashuka kwenye mizigo. Hakuwa mkali hata kidogo, alinitafuta kwa tabasamu, anauliza watu, "Mmemwona mgeni wetu?" Nami najibana mahali na khanga usoni, napumua vumbi la unga. Mume wangu aliteseka kuliko wote. Ameketi peke yake kwenye benchi letu la kivuli, miwani ya kuzamia mapajani, kama mtu aliyesusiwa na bibi harusi.

Chakula kilipoiva, dirisha la jiko lilikuwa moja tu, na mzee amesimama karibu nalo anazungumza na mpishi. Wali na mbasa, samaki wa ziwani, wa kukaanga, harufu inakuja mpaka kwenye vyungu. Sikutoka. Tumbo linanguruma, sitoki. Mwishowe baharia mmoja mzee akaniletea sahani kwa mlango wa injini. "Kula, mama," akaninong'oneza. "Mkwe yuko kushoto. Ukimaliza pita kulia."

Tulipofika Matema meli nzima ilikuwa imeshaingia kwenye shauri hili. Mabaharia walikuwa wakinipa taarifa: "Kulia!" "Kushoto!" "Amesinzia, nenda kaoge!" Akina mama nao, nikitaka kupita, wanasimama wanatandaza khanga zao wakijifanya wanakunja, napita nyuma ya khanga hizo kama malkia. Mama wa vyungu ndiye aliyekuwa jemadari. Na watu wazima wa Kyela, waliokuwa wamezoea kumwona mzee akinipa mkono, sasa wakawa wananitazama mimi. Nilisikia mmoja anamwambia mwenzake kwamba siku hizi hata mabinti wa hapahapa hawajui kuogopa wakwe hivyo. Maneno hayo niliyala pamoja na mbasa.

Kwenye bandari ya Manda mume wangu akashuka kujaribu miwani, na kwa vile pale mto unaingiza tope ziwani, akatoka akasema ameona kahawia. Hakuona kingine. Nilimcheka kutoka nyuma ya gunia.

Kesho yake asubuhi tukafika Liuli. Kulikuwa na shehena ya sukari na saruji ya kushusha, nahodha akasema tutakaa mpaka jioni. Nilimwona mzee akishuka na gunia lake na jogoo wake, akaondoka na watu waliokuja kumpokea. Nikamngoja apotee kabisa. Kisha nikatoka hadharani, nikajinyoosha, mifupa ikalia yote.

"Sasa," nikamwambia mume wangu, "nionyeshe hao samaki."

Tulikwenda mbali kidogo na gati, kwenye miamba mikubwa ambako maji ni maangavu, unaona kokoto chini kana kwamba hakuna maji. Mimi kuogelea najua. Nilijifunza utotoni kwenye mto Ruaha Mdogo, kwa kuchapwa kila niliporudi na nywele mbichi. Nikafunga khanga moja kifuani, ikakaza. Mume wangu akanivalisha miwani, akanitia bomba mdomoni, akaketi juu ya mwamba kunilinda.

Nikaingiza uso majini.

Jamani. Nimeona mambo, lakini lile sikulitegemea. Kulikuwa na mji mle ndani. Samaki wa bluu ile ya kufulia mashuka, wenye mistari myeusi, mamia yao, wanakula ukoga wa miamba. Wengine wa njano. Mmoja mnene alikuwa na vitoto vidogo kama punje za ulezi vinamzunguka. Nilipomkaribia, akafungua mdomo, na vitoto vyote vikakimbilia ndani, akafunga. Nikacheka ndani ya bomba, maji yakaingia, nikakohoa, nikarudi tena. Nilisahau baba mkwe, nilisahau Kyela, nilisahau hata mume niliyemwacha juu. Nikawafuata samaki kutoka mwamba hadi mwamba, naangalia chini tu.

Ndivyo nilivyozunguka kona bila kujua. Kokoto zikapanda, maji yakawa ya kiunoni, nikasimama kuvuta pumzi nzuri. Nikainua uso.

Mbele yangu, hatua tatu, baba mkwe ameinama ufukweni, suruali amekunja, ananawa miguu kabla ya kuingia kwa binti yake. Waliompokea walikuwa wametangulia na mizigo, yeye amechelewa kwa kusalimiana njiani; na njia ya kwenda kwa binti yake ilikuwa inapita palepale, mimi na mume wangu hatukujua.

Mzee akaona kitu kimetoka ziwani, kina jicho moja la kioo na pembe. Akapiga kelele, akarudi nyuma, akakalia mchanga, kofia ikaruka ikaanguka majini. Kisha akaitambua khanga, akainuka, akaingia majini hatua moja. Nikaona uso wake unabadilika, tabasamu lile linarudi, mkono unaanza kuinuka.

"Mgeni w—"

Na mimi khanga ya kichwani sina. Niliyonayo ndiyo iliyositiri mwili. Hakuna chungu, hakuna gunia, hakuna mama wa kunitandazia nguo. Nikavuta pumzi, nikazama. Nililala juu ya kokoto, nikajifunika ziwa lote, nikaacha bomba tu likichungulia.

Nikakaa. Nasikia pumzi yangu inavyopita kwenye bomba, khoo, khoo. Maji ya pale yalikuwa ya baridi, nikaanza kutetemeka, nikasema moyoni, nitakufa hapa lakini hunipi mkono leo. Mbele naona miguu yake miwili majini, myeupe kwa sabuni, vidole vinanitazama. Haiondoki. Juu yangu naona kofia inaelea, inaanza kwenda mbali. Ilikuwa kofia yake ya pekee, siku zote nilizomjua. Nikanyoosha mkono, uso uko chini vilevile, nikaisukuma. Nikaisukuma tena, mpaka ikagusa kifundo cha mguu wake.

Mkono ukashuka, ukaiokota. Kisha miguu ikageuka, nikaona visigino.

Sikuamini. Nikapandisha jicho kidogo juu ya maji. Mzee alikuwa amenipa mgongo. Amevuta koti lake mpaka juu ya kichwa, amelishika kwa mikono miwili chini ya kidevu, kofia inachuruzika maji kwapani. Akakohoa. Kile kikohozi chenyewe, cha mkwe anayekaribia nyumba. Mume wangu alikuwa amefika juu ya mwamba anahema, na mzee akamwambia bila kugeuka:

"Mwambie mkamwana atoke majini, ataugua. Mimi naondoka."

Akaondoka. Kwanza alitembea, halafu, naapa, mzee yule akakimbia. Miguu mitupu, suruali imekunjwa, koti kichwani, viatu ameviacha mchangani, anapanda kile kilima kama aliyechokoza nyuki.

Nilitoka nikakaa kwenye mchanga nikalia kwa sauti, miwani usoni, machozi yakajaa ndani ya kioo mpaka sikuona kitu. Mume wangu alikuwa analia na kucheka. Viatu tukavipeleka kwa wifi, mimi nikasimama mbali.

Tuliporudi melini mama wa vyungu alikuwa anashusha vyungu vyake vya mwisho. Nikamwambia, "Amekimbia." Akapiga kigelegele mpaka nahodha akachungulia. Safari iliyobaki, kwenda Mbamba Bay na kurudi, nilikaa kwenye benchi langu la kivuli, miguu nimenyoosha.

Mavuno yaliyofuata mzee alikuja Iyunga. Alisimama barabarani akakohoa mpaka watoto wa mtaa wakamletea maji. Nikatoka mlango wa nyuma, nikaenda kwa yule jirani wa chumvi, nikampikia mzee kule kwa siku nne, chakula kikipelekwa na mume wangu. Jirani akanionea huruma. "Pole, mwenzangu," akasema. "Kumbe mkwe wako hakupendi." Nilicheka mpaka nikashika mlango.

Aliishi miaka mingine tisa baada ya hapo. Hakunisalimu tena hata mara moja.